Mlango wa Fundi

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Chumba kimoja, biashara mbili:
upande huu mimi na simu zilizopasuka vioo,
upande ule dada yangu Zuwena na piko lake,
katikati pazia ambalo halijawahi kufungwa.

Usiku huu simu zimelala.
Mezani nina ndege iliyotoka kwenye robota la mitumba,
imeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto wa watu,
nyeupe pee, kama yai lililomenywa,
na kwenye robota hilohilo, roboti,
mwekundu, amekosa dole gumba.

Ukiitazama hivihivi ni kopo la sabuni lenye mabawa.
Ndege ya kweli ina maungio. Bati kwa bati,
pale yanapokutana hubaki ufa mwembamba kuliko unywele,
na ndani ya ufa hukaa masizi, mafuta, vumbi.
Aliyeitengeneza aliuchonga ufa, kisha akauacha mtupu.
Kazi yangu ni kuutia safari.

Huchori. Hilo ndilo watu hawaamini.
Unapaka vanishi kwanza, unasubiri ikauke,
wino unauzimua kwa spiriti
hadi uwe mwepesi kama chai ya msibani siku ya tatu,
unagusa mara moja, ncha ya brashi, kwenye kona,
nao unakimbia. Wenyewe.
Unapita chini ya bawa, unazunguka injini,
kama mtu aliyerudi nyumba aliyokulia,
gizani, bila kupapasa.

Makosa nimeyafanya. Mwaka jana nilitumia petroli:
plastiki ikanywa, ikalewa, ikapasuka gotini.
Roboti yule hadi leo anasimama kwa gundi na aibu yangu.

"Tia nyeusi," kasema Zuwena, bila kuinua kichwa.
"Nyeusi juu ya nyeupe hupiga kelele."
"Basi miaka yote mimi napiga kelele kwenye mikono ya watu."
Nikanyamaza. Nikachanganya rangi ya majivu.
Kwa mwekundu, kahawia.

Mbele yake amekaa Mwanakombo, harusi yake Ijumaa,
viganja wima, vidole vimetanuka,
haruhusiwi kugusa hata pua inayomwasha.
Zuwena analalamika tangu magharibi:
"Kucha hizi zina nini, mwenzangu? Nimesugua kwa ndimu,
nimesugua kwa dawa ya meno."
"Girisi. Haitoki. Mimi fundi wa ndege."

Mkono wangu ukasimama hewani.
Tone likaanguka kwenye gazeti.

Akanyoosha kidevu, maana vidole viko kazini:
"Hiyo yako, tumboni, nyuma ya gurudumu, haina mlango."
Mlango gani?
"Wa kuingizia mkono. Kila ndege ina vilango vyake,
mraba mdogo, skrubu nne.
Bila hivyo, siku ikiugua utaipasulia wapi?"

Nikaigeuza. Kweli, kiwandani hawakuuweka.
Nikachukua sindano ya kutolea laini, rula ya chuma,
nikabana pumzi, nikachonga mraba wa upana wa punje ya mchele.
Wino ukauona, ukaingia bila hodi.

Kufuta ni baadaye. Kijiti cha pamba, spiriti kidogo,
unapitisha kwa kuukingama mstari, kamwe usiufuate;
ukiufuata utauchomoa wote, kama uzi wa pindo.

Nilipoinua macho, bi harusi alikuwa anamnong'oneza Zuwena,
naye Zuwena anacheka hadi brashi inatetemeka.
Maua na korosho vimepanda mpaka kiwikoni,
lakini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale pa mapigo,
alikuwa ameacha nafasi,
na hapo dada yangu akachora mraba mdogo,
pembe zimeviringwa,
nukta nne.

"Na bwana harusi akiuliza?"
"Nitamwambia aje na bisibisi yake."

Ndipo umeme ukakatika.
Tukabaki watatu gizani, tunacheka kwa kujizuia,
hakuna aliyethubutu kusogea:
vyote vibichi.