Pampu ya Thanasis

Pampu ya zamani ilinguruma kama mgonjwa anayekataa kulazwa.
Miaka kumi na tisa Thanasis aliipiga teke ubavuni
kila asubuhi, nayo ikaamka.
Leo, katika joto la Februari la Adelaide,
fundi Lachlan ameing'oa kwa dakika ishirini,
akailaza kwenye toroli, kichwa chini.

Stavroula ameshika seli ya klorini:
mabamba yameota chokaa,
meupe kama meno ya bandia ndani ya glasi.
"Hii haioshwi tena," anasema Lachlan.

Mifuko minne ya chumvi.
Anaimwaga mwenyewe, upande wa maji mafupi,
kwa mkono uleule unaokoleza supu ya dengu
bila kupima.

Kijisanduku kipya kinapima. Kinataka elfu nne.
Kinasoma elfu tatu na mia sita.
"Ongeza," anasema Lachlan.
"Thanasis alikuwa akionja," anasema Stavroula,
na kuchovya kidole.

Usiku pampu mpya inazunguka kimya.
Anatoka na tochi, kandambili za marehemu miguuni,
anainama, anaweka kiganja juu ya mfuniko.
Inatetemeka.
Basi ipo.

Anaipiga teke. Dogo tu, la kuizoesha.