Saba na Nusu

Viazi vimetoka Njombe, vimepita Songea na Tunduru,
vimefika Mtwara vimechoka kama waliosimama njia nzima.
Leo vimelala kwenye beseni letu, Chikongola,
vimekatwa vyembamba, hata ukiinua kipande kimoja
unaiona taa ya jirani upande wa pili.

Mafuta yanasema. Fatu anayajibu kwa mwiko.
Kazi yangu mimi ni daftari, kalamu ya buluu,
na ulimi uliolelewa na ming'oko na chumvi ya mawe.

Ya kwanza ni ndimu na pilipili mbuzi.
Ndimu imeingia kama mgeni asiyepiga hodi;
pilipili imekuja nyuma, tumekwisha kuisahau.
Tano, nasema.
Fatu ananuna, anageuza karai.
Tano na robo.

Ukwaju sasa.
Taya zimekaza, mate yametafutwa hadi nyuma ya masikio,
Zulfa wetu amefumba jicho moja
akabaki hivyo, kama anayelenga manati.
Ladha ipo, siikatai.
Lakini maji ya ukwaju yamekilegeza kiazi,
ukikibana hakivunjiki, kinapinda.
Krispi isiyolia mdomoni
imekufa kibudu.
Nne.

Msinione mkali.
Misimu sita nilipima korosho ghalani,
daraja la kwanza, daraja la pili, rudisha.
Nimewahi kumshushia mtu gunia nane mbele ya wanawe;
hakunitukana, alikunja kamba zake
moja moja, akazihesabu, akaondoka.
Tangu hapo mkono wangu hauna haraka na namba.

Halafu shemeji Nanguka, na wazo lake:
pilipili kichaa tupu, "wekeni nyingi, dunia imepoa."
Tulikula. Hakuna aliyesema.
Nanguka alitoka nje kuangalia kama pikipiki yake ipo.
Ilikuwepo.
Akakaa nayo robo saa, ulimi nje, anaupepea kwa leseni.
Hapa sikuandika alama. Niliandika: onyo.

Umeme ukakatika.
Tukawasha simu, tukaiegemeza kwenye kopo la chumvi,
na katika mwanga ule mdogo
bibi Somoe akafungua fundo la kanga yake.

Kochoko.
Mabibo ya Nanyamba, yaliyookotwa wakati watu
wanagombania punje na kuliacha tunda chini kwa nzi.
Aliyaanika juu ya bati, akayatwanga peke yake,
akayachekecha na pilipili kidogo, "ya kusalimia tu."
Fatu akanyunyiza krispi zingali moto.

Nikatia moja mdomoni.
Kwanza utamu, mdogo, wa aibu.
Kisha uchachu umepanda pembeni mwa ulimi,
na pilipili ikausindikiza bila kuusukuma.
Mwisho ukaja ukakasi ule,
ule wa utotoni, unaokausha midomo
na kutia doa shati la shule ambalo sabuni hailijui.

Bibi ana meno mawili, na hayaonani.
Hakutafuna. Aliilaza krispi juu ya ulimi,
akafunga mdomo, akasubiri iyeyuke.
Tulisubiri naye. Hata karai lilinyamaza.
"Mwembamba huyu," akasema mwishowe,
"lakini kwao ni kwetu."

"Kumi, bibi?"
"Kumi ya nini? Ukinipa kumi leo,
kesho mtaamka mkaange nini?"
Nane, akasema Fatu. Nane na nusu, akasema Zulfa,
mdomo umejaa, ushahidi wake haufai.
Nikaandika saba na nusu.
Bibi hajui kusoma, ila aliutazama mkono wangu
mpaka ulipoinuka.

Asubuhi beseni lilikuwa tupu.
Hakuna aliyekiri, ingawa Nanguka alikuwa na midomo mikavu.
Daftari lililala wazi karibu na jiko,
mafuta yamelowa karatasi ikawa kama kiazi kibichi:
nikaligeuza ukurasa, na namba ilikuwa ingali pale,
kinyume, ya buluu,
inasomeka kutoka nyuma.