Ndizi Kisukari

Mama anauza ndizi kisukari pale Kiboriloni,
vichane vifupi, ganda jembamba,
na siku daktari alipolitamka lile neno
nilicheka. Nilidhani anauliza bei.

Mama hakucheka.
Alikuwa ameshika chupa yangu ya maji, ya nne tangu asubuhi,
akakikaza kifuniko, akakilegeza, akakikaza.

Nina miaka kumi na minne. Walinilaza wodi ya watoto,
miguu ikigonga chuma cha kitanda,
ukutani twiga aliyechorwa na mtu asiyewahi kumwona twiga.
Nesi Ndeonasia akanipa sindano na chungwa:
"Lidunge. Lenyewe halilii."
Nikalidunga mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili ilikuwa tumbo langu.
Sikulia. Nililia jioni, nilipoliona lile chungwa
kwenye ndoo ya taka, limevimba maji.

Nyumbani hatuna friji.
Mtungi wa mbege wa marehemu bibi
sasa una mchanga mbichi,
na ndani ya mchanga, kwenye kopo la siagi,
vichupa viwili, kila kimoja sawa na kidole gumba.

Shangazi Elifuraha alikuja na mafuta ya upako,
akaniuliza nilikula pipi ngapi utotoni.
Nikamwambia, shikamoo.

Shuleni najichoma chooni.
Manka husimama mlangoni
akipiga chafya za uongo mtu akikaribia.
Hajawahi kuuliza inauma vipi.

Juni nilikataa sindano. Siku moja na nusu.
Hiyo sisimulii.

Usiku nalichambua neno kama mwalimu wa sarufi:
ki- ya udogo, sukari kidogo tu, sukari ya dharau.
Au ki- ya lugha: Kichaga, Kipare, Kisukari.
Basi nimepewa lugha nisiyoiomba,
na nyumba nzima naizungumza peke yangu.
Tatu nukta moja. Kumi na saba nukta tisa.
Nimetafuta. Haina neno la "nimepona".

Kisha usiku wa mvua, mikono ikanitetemeka,
jasho, ukuta ukaanza kwenda zake.
Nilifungua mdomo, lugha zote zikaniacha, hata hii mpya.
Mama, ambaye tangu Machi
alikuwa akizilaza ndizi zake kwa jirani
nisizione,
alitoka bila kanga, akarudi amelowa,
akamenya moja, akanisogezea mdomoni.
"Tafuna. Tafuna, mwanangu."

Tamu.
Nilikuwa nimesahau jinsi inavyoteleza.

Tulikaa sakafuni hadi mikono ikatulia,
maganda mawili katikati yetu.
Akaokota moja, akaligeuza kwenye mwanga wa simu.
"Na hii tunaihesabu?"
"Wanga, kama gramu kumi na tano."
"Gramu kumi na tano," akarudia polepole,
kama mtu anayejifunza salamu
za kwao mkwe.