Nusu au Kamili

Asubuhi nzima napanga rafu huko Westlands:
maziwa ya lozi, ya soya, ya nazi,
na ya ng'ombe, yaliyoondolewa kila kitu cha ng'ombe.
Wateja husimama, mkono hewani,
kama waliosahau jina la mtoto wao.

Saa saba nateremka kibandani kwa Syombua.
Sufuria moja. Swali moja:
"Nusu au kamili?"

Nusu, nasema. Githeri inafuka mvuke.
Barasa, mwenzangu wa zamu, husifu:
haya ndiyo maisha, mepesi!
Natafuna kimya.
Mama alipika hivi miaka kumi na minane
na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Leo Syombua ameongeza:
"Na avokado? Shilingi kumi tu."

Nikasimama, mkono hewani.
Nyuma yangu foleni ikakohoa.