Ute wa Mayai Mawili

Ntakije, mume wangu, miaka thelathini na mmoja
ulichemsha maji ya Uvinza mpaka yakageuka meupe,
ukarudi nyumbani nyusi zimeganda chumvi,
nikakupangusa kwa kitenge, nikicheka,
nikisema nimeolewa na dagaa.

Leo nesi wa Maweni kaandika kwenye karatasi ya daftari,
kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari mara mbili:
chumvi hapana.
Uliisoma, ukaikunja, ukaitia mfukoni
kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa kazi.

Basi sogea hapa jikoni kwa binti yetu, Gungu hii
tuliyohamia ili tuwe karibu na mashine.
Mayai mawili ya yule tetea wa madoa.
Napasua la kwanza ukingoni mwa bakuli,
nauhamisha ute, ganda hadi ganda,
kiini kinabaki kimejikunyata
kama mtoto aliyekatazwa kushuka kitandani.
Ute ni wako. Viini ni vya Bukuru na Butoyi,
kimoja kimoja, maana mapacha wana macho ya mizani.
"Kiini kinazilemea figo zake," nesi alisema,
"ila ute unajenga. Mashine inachukua, ute unarudisha."
Sikuelewa yote.
Nilielewa unarudisha.

Kitunguu nusu. Hoho kidogo, ile ya kijani.
Nyanya? Nyanya nayo imepigwa mstari.
Mafuta kijiko kimoja, mkaa wa kusinzia.
Kitunguu saumu nakiponda kwa kitako cha kikombe
kwa sababu kinu amekiazima mama Nyabenda tangu Pasaka.
Ute unaingia, unashtuka, unakuwa mweupe
vile ulivyonihadithia chumvi inavyojitokeza sufuriani:
polepole, halafu ghafla.
Ndimu juu yake. Kula.

Jumatatu ulitema. Ulisema, hii ni nguo iliyochemshwa.
Jumatano ulikula nusu, nusu ukampa paka,
paka naye akanitazama.
Ijumaa nilikatia majani ya giligilani, nikauviringisha ute
ndani ya kichapati chembamba kisicho na chumvi,
ukatafuna umegeukia ukutani, hukusema neno,
ila sahani ilirudi tupu
na kidole chako kilikuwa kinanukia ndimu.

Watu husema mzee fulani kala chumvi nyingi.
Wewe umeila, umeipika, umeivuta puani,
umeilalia kwenye magunia ukisubiri treni ya mizigo;
umemaliza fungu lako, na langu umeligusa.
Iliyobaki ni ya mdomoni.
Usiku ukiwasimulia mapacha
kwamba kiboko wa Malagarasi alikuja kulamba sufuria ya kiwandani,
mwenye jino la dhahabu,
akakusalimia kwa jina,
tia, Ntakije, tia tu.
Hapo nesi hajapiga mstari.