Huenda

Karatasi ilikuwa ya daftari lake la jometri,
pembetatu moja bado inaonekana chini ya kidole changu.
Tulikuwa nyuma ya nyumba ya Papa Bisimwa, kule Cimpunda,
pale ukuta wa mawe unapokizuia kilima kisiingie jikoni.
Mimi miaka kumi na tisa. Ashuza kumi na minne na nusu,
na hiyo nusu aliipigania.
Nikamwambia: vuta kidogo, ishikilie, usikohoe kama mtoto.
Akakohoa kama mtoto.

Mimi nilicheka, nikashuka Kadutu, nikala mandazi sita kwa mkopo.
Yeye alibaki juu ya jiwe akiutazama mji ukiwasha taa zake chache.
Niliporudi akauliza: "Umesikia?"
Nikasema: "Nini?"
Akasema: "Basi."

Hilo "basi" nimeligeuza miaka tisa sasa,
kama mtu ageuzavyo noti aliyoipokea gizani.

Baada ya siku ile hakunihitaji tena.
Alijua mlango, alijua bei, alivuta kila siku ya Mungu,
kabla ya shule, kisha badala ya shule.
Akaanza kuosha sahani na kuzilaza kifudifudi
ili zisisikilize.
Akamwambia Mama kwamba mtangazaji wa habari za saa moja
anamwita kwa jina la babu.
Mama akafunga siku tatu, mchungaji akafunga saba,
na Ashuza, aliyekuwa hali kwa kuogopa sumu,
akawashinda wote.

Hospitalini daktari alikuwa mdogo kuliko mimi,
kalamu imemvujia mfukoni.
Akauliza: katika ukoo, kuna mwingine?
Papa akasema hapana, haraka mno.
Mama akamtaja shangazi Nsimire wa Walungu,
ambaye hakuwahi kugusa hata jani la bangi
na aliwapikia ugali askari ambao hakuna mwingine aliyewaona.
Na huyu, alianza kuvuta lini?
Wote wakatazama dari.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Huenda bangi imechangia," alisema.
"Huenda ugonjwa ulikuwa njiani, ikauharakisha.
Wengi huvuta, wachache huugua.
Aliyeanza mdogo, akavuta sana, na kwao kuna shangazi kama huyo,
hatari yake ni kubwa zaidi. Mpaka hapo ndipo ninapojua."

Huenda.
Neno la asiyejua, na neno la atembeaye kila siku.
Hupanda nami ngazi asubuhi, hushuka nami jioni,
huenda, huenda,
wala halifiki.

Mwezi wa nne ukuta wa Papa Bisimwa ulianguka.
Majirani wakabishana tope likiwa bado linatembea:
huyu akailaumu mvua, yule miti iliyokatwa,
mwingine aliyechimba choo chini ya msingi.
Bibi mmoja, amebeba godoro kichwani, akasema:
kilima hiki kilikuwa kinakuja tangu zamani.
Nikataka kumbusu mkono.
Lakini mchimba choo alikuwa amejitenga kando,
anatazama viatu vyake.

Sasa Ashuza humeza kidonge mbele yangu,
kisha hufungua mdomo nione.
Amenenepa. Mkono unatetemeka akimimina chai.
Mzaha humfikia kwa kuchelewa, lakini humfikia.
Sijamwambia Mama.
Ashuza anakumbuka ile karatasi, au ameisahau,
sijui lipi linaniogopesha zaidi.

Jana usiku aliinuka akaketi kitandani: "Umesikia?"
Zamani ningesema: "Nini?"
Nilinyamaza. Nikasikiliza kwa masikio yote niliyo nayo:
mabati, jogoo mjinga wa saa nane,
kitu kama maji chini ya nyumba.
"Ndiyo," nikamwambia.
"Baadhi."