Ufagio Mmoja, Majengo Matatu

Boglárka, fomu inafungwa Jumamosi usiku
na umeniuliza mimi, mfagiaji:
hisabati, uchumi, au sayansi ya data?
Vijitabu umevitandaza juu ya meza ya jikoni,
kimoja kimeshaloa supu,
na vyote vina wanafunzi walewale wakicheka kwenye nyasi.
Miaka kumi na tisa nasafisha hapa Szeged,
sijaona mtu aliyekalia nyasi hizo.

Wanachofundisha sikijui. Najua wanachotupa.

Hisabati wako ghorofa ya juu, na lifti ni mbovu.
Huko bado kuna chaki, kuna vumbi
linalonifuata mpaka kwenye mkate wangu.
Ndoo yao hujaa karatasi zilizofinyangwa.
Niliikunjua moja: mistari arobaini, na chini yake
neno lililopigiwa mstari mara mbili: Hapana.
Kesho yake Hapana nyingine, mwandiko uleule,
ikawa hivyo mpaka Krismasi.
Ni yule Bwana Kecskés. Siku moja alinikuta nafuta ubao
akapiga yowe kama niliyemkanyagia mtoto.
Sasa huandika pembeni, kwa herufi kubwa, USIFUTE.
Lakini nimewaona pia wawili wamekaa kimya saa nzima
wakitazama pembetatu,
kisha wakacheka kwa pamoja, wakaenda kula.

Uchumi wana zulia. Zulia, mwanangu, ni adui wa mgongo.
Taka zao ni vikombe vya kahawa, tai moja ya hariri,
na magazeti yaliyotabiri bei ya mafuta ya alizeti.
Mafuta hayo niliyanunua. Walikosea.
Jioni moja walikuwa wakibishana juu ya mshahara wa mfagiaji:
ukipanda, je, kazi zitapungua?
Nami nipo mlangoni, dekio mkononi.
Msichana mmoja, Kincső, akageuka.
Mama, wewe unaonaje?
Nikamwambia sakafu haipungui, binti,
hupungua wanaoinama.
Akaandika. Sijui alikoyapeleka.

Data wana jengo jipya, vioo vitupu,
milango inafunguka kabla hujaigusa.
Karatasi hakuna. Ndoo ina ganda la ndizi, basi.
Nyuma ya ukuta mashine zinavuma usiku kucha,
na Februari hii ndipo ninapopasha vidole moto.
Walibandika visanduku milangoni vya kuhesabu watu,
ili nijue pa kusafisha na pa kuruka.
Orodha ikaniambia: chumba cha 14, watu sifuri, kirukwe.
Chumba cha 14 nakijua mimi.
Hulala humo kijana aliyeshindwa kodi,
huingia kwa dirisha.
Sifuri ile ina blanketi, Boglárka.
Sikusema kitu. Hufagia nje ya mlango wake polepole.

Sasa unataka nikupangie: la kwanza, la pili, la tatu.
Baba yako angesema mkono mtupu haulambwi,
fuata penye mshahara. Huenda ana haki,
deni la gesi unalijua.
Mimi nakumbuka jambo moja tu.
Ulikuwa na miaka sita, tumehamia hapa,
ukahesabu ngazi kutoka chini hadi mlangoni,
kisha ukashuka tena, peke yako, gizani,
kwa sababu, ulisema, huenda za kushuka si sawa na za kupanda.
Nilikungoja na supu inapoa.
Mtoto wa namna hiyo husomea nini?
Kwenye vijitabu vyako sijaliona somo hilo,
au lipo katika yote matatu, wamelipa majina ya gharama.

Leo alfajiri nimekuta ndoo yetu ya jikoni imejaa
karatasi zako, zimefinyangwa.
Kazi yangu ni kukunjua, unajua hivyo.
Sikukunjua hata moja.
Nimefunga mfuko, nikashuka nao
nikihesabu.
Hamsini na mbili.
Nikirudi jioni, nitazihesabu za kupanda.